Kadi Elfu Moja za QSL kutoka Duka la Chapa la Mombasa

Imepita miezi kumi na minane tangu nilipochukua kadi zangu elfu moja za QSL kutoka duka la uchapaji lililo katika kichochoro kimoja nyuma ya Barabara ya Digo, na kwa kuwa nyingi zimeshafika zilikotumwa na majibu yamenirudia, sasa naweza kuipima kazi ile kwa matokeo yake na si kwa uzuri wake mezani tu. Jina la duka silitaji, maana nitaeleza makosa pamoja na sifa, na makosa yenyewe yalirekebishwa bila ubishi. Ninalotaka kulisema tangu mwanzo ni kwamba kadi nzuri ya QSL inaweza kuchapwa hapa hapa Mombasa, ila mwenye kuiagiza lazima aijue kadi hiyo kuliko mchapaji, kwa sababu wachapaji wetu wamezoea kadi za harusi, na kadi ya harusi haidaiwi ushahidi.

Kwa asiyeijua, QSL ni mojawapo ya vifupisho vya herufi tatu vinavyoanza na Q, ambavyo Waingereza walivibuni mnamo mwaka 1909 ili waendesha mitambo ya simu ya upepo waelewane upesi. Maana yake ni kwamba ujumbe umepokelewa. Sisi wa redio ya ridhaa, ambao hapa nchini hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya pamoja na ishara ya mwito, yaani jina la kituo hewani, ambayo kwa kawaida huanza na 5Z4, tumeurithi msemo huo na kuuweka kwenye kadi. Kadi husema kwamba kituo fulani kilizungumza na kituo fulani, tarehe fulani, saa fulani, katika bendi fulani na kwa njia fulani, iwe ni sauti, Morse au dijitali. Chama cha wanaredio wa Marekani, ARRL, hutoa cheti cha DXCC kwa aliyethibitisha mawasiliano na maeneo 100, na orodha yake sasa ina maeneo 340. Kadi iliyofutwafutwa na kuandikwa upya haikubaliwi. Kwa hiyo mtu wa Osaka au wa Helsinki anayeisubiri kadi yangu haisubiri picha ya bahari. Anasubiri hati, na kama hati hiyo ina kosa, nimempotezea mawasiliano ambayo huenda aliyatafuta kwa miaka.

Nilikwenda dukani na karatasi moja tu niliyoiandika kwa mkono, na hilo lilikuwa kosa langu. Mwenye duka, mzee mtaratibu aliyeanza kazi enzi za herufi za risasi, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: kadi hizi zinakaa wapi zikifika? Sikutarajia swali zuri kama hilo. Nilimweleza kwamba hukaa katika visanduku na albamu, na kwamba kabla ya hapo nyingi hupita katika ofisi za kadi za vyama vya wanaredio, ambako hupangwa kwa mafungu ya nchi na ya ishara za mwito. Ndiyo maana kipimo chake kimekubaliwa kuwa milimita 140 kwa 90. Kadi kubwa zaidi hukunjika kingo, na ndogo hupotea katikati ya wenzake. Mzee akachukua rula, akapima, akasema karatasi yake kubwa itamwachia mabaki kidogo, lakini hatapunguza hata milimita moja. Alitimiza ahadi hiyo. Nimezipima kadi ishirini za mafungu mbalimbali na zote zimekatwa sawasawa, pembe zake zimenyooka, jambo ambalo silipati hata katika kadi ninazoletewa kutoka nchi zenye viwanda vikubwa.

Sura ya kadi ilitokana na binti anayekaa kwenye kompyuta. Nilikuwa nimemletea picha ya Ngome ya Yesu niliyoipiga mwenyewe kutoka upande wa bahari, nikidhani hakuna jingine linaloweza kuiwakilisha Mombasa kwa mgeni. Aliitazama kwa heshima, kisha akasema, “Ami, ngome kila mtu anayo. Kwa nini tusiifanye leso?” Akanionyesha: pindo kuzunguka kingo zote nne, mji katikati, na jina chini yake. Nilinyamaza kwa muda, kwa sababu nimeishi kati ya maduka ya leso ya Barabara ya Biashara umri wangu wote na sikuwahi kuona kwamba leso na kadi ya QSL zina umbo moja la fikra. Zote mbili ni kitambulisho chenye fremu, kitu kikuu katikati na maneno machache ya kumfikia mtu. Mji wa leso ukawa mahali pa ishara yangu ya mwito, na kwenye jina tukaandika “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Maelezo mengine yote tuliyaacha kwa Kiingereza kama ilivyo desturi ya kadi hizi. Tangu zilipoanza kufika, watu wengi wameniandikia kuuliza maana ya maneno yale, na sijapata kuandika jibu lolote kwa furaha zaidi.

Hata hivyo nakala ya majaribio ya kwanza haikufaa. Binti alikuwa ameujaza mji wa leso kwa maua ya korosho, kama inavyopendeza kwenye kitambaa, na ishara ya mwito ikazama ndani yake. Pia alichagua herufi za mapambo ambazo Z yake ilifanana na 2, kiasi kwamba 5Z4 ilisomeka kama 524. Mtu wa kawaida angeona ni jambo dogo. Lakini mpangaji wa kadi katika ofisi ya chama hana nafasi ya kubahatisha: anaangalia ishara kwa nukta moja na kuitupia kadi kwenye kisanduku chake, na Z ikigeuka 2 kadi haina nchi. Tuliondoa maua katikati tukaacha eneo jeupe, tukatumia herufi nene zisizo na mikia, na sifuri zote tukazipiga mstari ili zisichanganywe na O. Mabadiliko hayo yalichukua siku moja na hayakuongezewa gharama.

Kosa la pili lilikuwa la hatari zaidi kwa sababu halikuonekana. Wanaredio huigawa dunia katika miraba yenye majina ya herufi mbili na tarakimu mbili, na Mombasa iko katika mraba wa KI95. Kwenye nakala ya majaribio ya pili pakaandikwa KI59. Mraba huo upo, tena uko upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, kule Masaka na Mbarara nchini Uganda. Yaani kadi ingemwambia msomaji kwamba mwenye antena anakaa zaidi ya kilomita mia tisa kutoka baharini, huku pindo la leso likimwambia kwamba yuko pwani. Nililiona wakati nimeshatia sahihi yangu ya kukubali, nikiwa nimefika mlangoni. Nilirudi, na mzee hakusema kwamba sahihi ni sahihi. Aliichana karatasi ile, akaniambia, “Bwana, chukua kalamu, uniandikie mwenyewe kwa herufi kubwa kila kitu chenye tarakimu.” Tangu wakati huo nampelekea karatasi ya namna hiyo kwa kila kazi: ishara ya mwito, mraba, ukanda wa 37 kwa hesabu ya jarida la wanaredio la CQ, ukanda wa 48 kwa hesabu ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, sanduku la posta na msimbo wake.

Sasa nifike kwenye saa, maana hapa ndipo kadi ya Mswahili ina mtihani ambao kadi ya Mjerumani haina. Katika jedwali la nyuma ya kadi panahitajika safu ya wakati, na wakati huo ni ule wa dunia nzima, UTC, ambao uko nyuma yetu kwa saa tatu. Sisi tuna saa ya ofisini, ambayo ni ya Afrika Mashariki, na tuna saa yetu ya Kiswahili inayohesabu tangu jua linapochomoza na linapotua. Kwa hiyo saa kumi na moja jioni ya UTC, inayoandikwa 17:00, ni 20:00 kwa saa ya ofisini, nasi tunaiita saa mbili usiku. Binti, kwa nia njema kabisa, aliandika “Time” peke yake kwenye safu ile, akiamini kila mtu anajua saa ni saa. Nilimweleza kwa mfano wa usiku mmoja nilipozungumza na kituo cha Brazil kwenye bendi ya mita 20: ukutani kwangu ilikuwa saa saba na nusu usiku, tarehe 15, lakini katika kitabu cha kumbukumbu cha redio ilipaswa kuandikwa 22:30, tarehe 14. Kosa hapo haliwi la saa tatu tu. Linakuwa la siku nzima, na anayepokea kadi akilinganisha na kumbukumbu zake hatanipata, kisha atanihesabu kuwa sikuwepo. Binti akafuta neno lile, akaandika UTC kwa herufi nene, na kwa tarehe akaweka visanduku vitatu vya siku, mwezi na mwaka, kwa kuwa Wamarekani hutanguliza mwezi na sisi hutanguliza siku. Visanduku vile vitatu nimeviona kwenye kadi nyingi za Ulaya, lakini sikuwa nimemwagiza. Alivifikia kwa akili yake baada ya kuelewa tatizo, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kulisifu duka lile.

Kuhusu karatasi nina lalamiko moja. Nilichagua karatasi ya gramu 250 kwa mita ya mraba, ambayo kwa kipimo cha kadi hii huipa kila moja uzito wa gramu tatu na kidogo, na kadi zote elfu zikawa kilo tatu na ushei. Ni uzito unaostahimili safari bila kuongeza gharama ya posta. Nilisema mbele iwe na laminesheni ya kung'aa na nyuma iachwe karatasi tupu ili wino ushike. Fungu la kwanza la kadi mia mbili likatoka na laminesheni pande zote mbili. Kalamu ya wino wa kawaida iliteleza juu yake, na nilichofanikiwa kuandika kilifutika kwa kidole baada ya dakika kumi. Kadi ambayo maandishi yake yanafutika ni mbaya kuliko kutokuwa na kadi, kwa sababu hufika na kutiliwa shaka. Duka lilikubali kuzichapa upya kwa gharama yake, lakini nilisubiri wiki mbili zaidi ya tarehe tuliyoafikiana, na katika wiki hizo nilipigiwa simu mara moja tu, tena baada ya mimi kupiga mara tatu. Kwa duka linalojali kazi kiasi kile, ukimya huo ulinisikitisha.

Wino wa chapa yenyewe umevumilia hewa yetu. Mombasa si mahali pepesi pa kutunza karatasi: chumvi ya bahari huingia mpaka kabatini, na mvua za masika zikianza kila kitu huwa na unyevu wa mkono. Niliacha kadi mbili karibu na dirisha kwa miezi mitatu, moja ikiangalia jua la asubuhi. Nyekundu ya pindo ilipauka kidogo kwenye ile iliyopigwa na jua. Nyeusi ya ishara ya mwito haikubadilika, na karatasi haikujikunja. Kadi ninazozipokea mimi huziweka katika albamu zenye mifuko ya polipropilini, kwa sababu mifuko laini ya PVC niliyoinunua zamani iligandamana na wino wa kadi kadhaa, na nilipozitoa zikaacha nusu ya picha kwenye plastiki. Miongoni mwao ilikuwemo kadi ya kisiwa ambacho sijakisikia tena hewani hadi leo.

Nililipa shilingi 16 kwa kadi, zikiwemo gharama za usanifu. Kwa kuwa kila kadi ninayoituma moja kwa moja hunigharimu stempu na bahasha mara nyingi zaidi ya hapo, sioni sababu ya kubana matumizi kwenye uchapaji.

Kati ya kadi hizo elfu nimeshatuma 640. Zilizokwenda kwa njia ya ofisi za vyama zilikuwa 410, na zilizokwenda moja kwa moja kwa anwani ya mtu zilikuwa 230. Ofisi za vyama ni njia nafuu, lakini kadi hukusanywa mpaka zifike za kutosha kufanya kifurushi, kisha hupangwa tena zikifika, na mtu asiwe na haraka: zilizonirudia kwa njia hiyo ni 43 mpaka sasa. Kwa njia ya moja kwa moja nimepata majibu 171. Desturi yake ni kutia ndani bahasha yenye anwani yako na kitu cha kulipia stempu ya kurudishia, aghalabu noti ya dola, au kuponi ya kimataifa ya majibu iliyokubaliwa na mkutano wa Umoja wa Posta Duniani huko Roma mwaka 1906. Nje ya bahasha siandiki ishara yangu ya mwito wala ya mwenzangu, maana wapo katika njia ndefu ya barua wanaojua kwamba bahasha ya mwanaredio ina dola. Kadi zangu zote zilizoniletea jibu zilikuwa zimesomeka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama Z ni 2, na watatu waliniandikia kwamba walinipata kwenye kumbukumbu zao kwa dakika ile ile.

Wenzangu vijana huniuliza kwa nini nihangaike na karatasi ilhali ARRL ina Logbook of the World tangu mwaka 2003, ambapo kumbukumbu za pande mbili hulinganishwa na kompyuta na uthibitisho hupatikana siku hiyo hiyo mradi saa zetu zisitofautiane zaidi ya dakika 30. Nami nimo humo, na kwa mawasiliano ya FT8, mojawapo ya njia za dijitali, ambayo tangu mwaka 2017 yameongeza idadi ya vituo mtu anavyovipata kwa usiku mmoja, sina njia nyingine inayonitosha. Lakini mwezi Mei 2024 mifumo ya ARRL iliposhambuliwa mtandaoni, huduma hiyo ilifungwa hadi tarehe 1 Julai, na katika wiki zile kitu pekee nilichoweza kukifungua na kukitazama kilikuwa albamu. Tena kadi huhifadhi mambo ambayo orodha ya kompyuta huyaeleza kwa ukavu. Rafiki yangu wa Mji wa Kale ana kadi ya Zanzibar ya zamani yenye ishara inayoanza na VQ1, kutoka enzi ambazo Kenya ilikuwa VQ4, na Zanzibar ilihesabiwa peke yake kwenye orodha ya DXCC mpaka ilipofutwa mwaka 1974. Aliyezungumza naye amekwishafariki, na hati yake ya mkono, herufi zilizolala upande wa kulia, bado inasema kwamba alimsikia mtu wa upande wa pili vizuri, 59 kwa kipimo chetu cha usikivu, na kwamba kulikuwa na joto siku ile.

Nikilipa duka alama, nalipa nne kati ya tano. Moja nimeishika kwa ajili ya laminesheni na ukimya wa wiki mbili. Atakayekwenda kwa kazi kama hii aende asubuhi, wakati binti yuko kwenye kompyuta na foleni ya watu wa fotokopi haijaanza. Aandike tarakimu zake zote kwa herufi kubwa, adai nakala ya majaribio iliyochapwa kwenye karatasi ile ile itakayotumika, na ajaribu kuiandika nyuma kwa kalamu yake mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Kuitazama kwenye kioo cha kompyuta hakutoshi. Asikubali pia kuchapiwa kadi zaidi ya anazoweza kutuma katika miaka miwili, kwani anwani na antena hubadilika.

Jumatatu nimewapelekea agizo la pili la kadi 500. Mzee alitoa faili la kazi ya kwanza, akafungua ile karatasi yangu ya tarakimu, akaisoma moja baada ya nyingine kwa sauti huku mimi nikiitikia, na alipofika kwenye KI95 alinitazama akasubiri niirudie mara mbili. Bei imepanda kwa shilingi mbili. Binti ameomba ruhusa ya kubadilisha rangi ya pindo kuwa ya samawati, nami nimemruhusu, mradi Z ibaki ilivyo.